Wosia: Mali na Maneno

Neno wosia katika lugha yetu limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni mali: mtu aliye hai hueleza jinsi anavyotaka vitu vyake vigawanywe atakapokuwa hayupo. Mzigo wa pili ni maneno: mkubwa humwusia mdogo, humwonya, humwombea na kumwonyesha njia. Kwa Kiingereza jina la wosia ndilo jina la nia na utashi. Msemaji wa lugha hiyo akisikia habari za wosia husikia ndani yake matakwa ya mtu mmoja. Sisi tukisikia habari za wosia husikia sauti ya mtu anayesema na mwingine. Kwa Mwingereza wosia una mwenyewe; kwa Mswahili wosia una wawili.

Wahakiki wetu wameusoma wosia wa maneno kwa bidii kubwa. Tenzi za wosia zimechapwa, zimefafanuliwa na kufundishwa madarasani. Lakini wosia wa mali wamewaachia mahakimu na makarani, kana kwamba karatasi yenye kutaja shamba na baiskeli si maandishi ya watu. Nathubutu kusema kwamba mgawanyo huu wa kazi umetutia hasara. Wosia wa mali nao una msemaji, una wasikilizaji, una mpango wake, una lililotajwa na una lisilotajwa. Nia yangu katika makala haya ni kuusoma kama tusomavyo maandishi mengine, na kuonyesha jambo moja tu: kwamba kimya cha wosia hakina maana moja. Maana yake hutegemea sheria au mila iliyosimama nyuma yake. Kuna kimya cha mtu aliyenyamaza kwa sababu jambo limekwisha kusemwa na wengine, na kuna kimya kinachomwangusha mtu shimoni.

Nianze na wosia niliousikia kwa masikio yangu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja kusini mwa mji wa Songea, niliitwa usiku nyumbani kwa mzee aliyekuwa mgonjwa sana. Sikuwa ndugu yake wala mkwe wake. Niliitwa kwa sababu hiyo hasa: walitakiwa mashahidi wa ukoo na mashahidi watu baki, na mimi nilikuwa mtu baki. Mzee aliegemea mto, akaanza kusema kwa sauti nyembamba lakini yenye utaratibu. Shamba la bondeni alimpa mwanawe wa kwanza. Shamba la kilimani alimpa wa pili. Ng'ombe wawili aligawa kwa kila mmoja wake. Baiskeli ilikwenda kwa mjukuu. Cherehani ilikwenda kwa mwana wa tatu, aliyekuwa akiishi mjini. Alitaja deni la magunia mawili ya mahindi, akaagiza lilipwe. Alitaja jirani aliyemwazima panga, akaagiza panga lirudishwe. Kisha akanyamaza, tukajua kwamba amemaliza.

Mkewe alikuwa ameketi karibu na mlango, kikombe cha uji mkononi. Yeye ndiye aliyeilima bonde kwa jembe, na yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha cherehani. Alisikia yote tuliyoyasikia. Baada ya matanga alinifuata njiani, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, labda mimi sikusikia vizuri. Wewe ulisikia jina langu?" Nilimjibu kwamba sikulisikia. Akanishukuru, akaenda zake. Watoto wake hawakumfukuza. Walimtunza vizuri kwa kadiri ya uwezo wao mpaka alipokufa. Lakini tangu siku ile alikula kwa hisani kile alichokuwa akikilima kwa mkono wake mwenyewe. Swali lake sikulisahau, na makala haya kwa kweli ni jibu lililochelewa.

Msomaji ataniuliza: je, mzee yule alimsahau mkewe, au alimchukia? Sidhani. Mtu anayekumbuka panga la jirani hawezi kumsahau mwenzake wa miaka arobaini. Ili tukielewe kimya chake yatupasa kwanza tujue alikuwa akisema ndani ya sheria gani.

Mkoa wa Ruvuma una mila za urithi zaidi ya moja. Wangoni, ambao wazee wao walitoka kusini mwa Afrika na kuuvuka mto Zambezi mwaka 1835, hufuata ukoo wa kuumeni. Mali na jina hushuka kutoka kwa baba. Wamatengo wa milima ya Mbinga nao ni wa kuumeni, na kwao mbuni wa kahawa unaodumu miaka mingi umelifanya shamba kuwa jambo zito zaidi la kurithi. Ukishuka mashariki hadi Tunduru unawakuta Wayao, ambao kwa asili hufuata ukoo wa kikeni, na kwao mpwa alikuwa na nafasi ambayo kwa Mngoni ni ya mwana. Wengi wa Wayao ni Waislamu, kwa hiyo faraidhi nayo imeingia katika nyumba zao. Ndani ya mkoa mmoja, basi, neno lile lile la mrithi halimwiti mtu yule yule.

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilizitangaza kanuni za mila kuhusu urithi na wosia kwa makabila yanayofuata ukoo wa kuumeni. Kanuni hizo zimekuwa zikisomwa katika Mahakama za Mwanzo, ambako lugha ni Kiswahili. Wanasheria wamezijadili sana. Mimi nataka kuzitazama kwa jicho la mtu wa maandishi, maana zina sifa na zina upungufu ambao mtu wa maandishi huuona upesi.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba zimeuheshimu mdomo. Kanuni zinakubali wosia wa kusemwa, mradi usikiwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia ulioandikwa na mtu ajuaye kusoma na kuandika watosha kwa mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma huhitaji wanne. Mke aliyepo nyumbani wakati huo naye hutakiwa awe shahidi pamoja nao. Tuutazame mpango huu. Ndugu wamewekwa kwa sababu wanaijua nyumba. Watu baki wamewekwa kwa sababu hawana fungu humo. Mmoja anasikiliza kwa kumbukumbu, mwingine anasikiliza kwa haki. Mtu akitaka mfano wa usomaji mwema wa maandishi yo yote hatapata ulio bora kuliko huu.

Sifa ya pili imo katika habari za kumnyima mtu urithi. Kanuni hazimruhusu mwenye wosia amnyime mrithi wake kwa kunyamaza tu. Sharti aseme waziwazi kwamba anamnyima, tena atoe sababu. Na sababu zenyewe zimehesabiwa, kama vile kumdhuru au kujaribu kumwua mwenye wosia, au kumtupa bila ya sababu ya haki wakati wa njaa au ugonjwa. Zaidi ya hayo, anayenyimwa hupewa nafasi ya kujitetea mbele ya mwenye wosia au mbele ya baraza la ukoo. Hapa kanuni zinafanana kabisa na maana ya kale ya neno wosia katika Kiswahili: zinamlazimisha msemaji aseme na mtu, si aseme juu yake tu. Mwana mbaya ana haki ya kuambiwa usoni.

Sasa tuutazame upungufu. Mwana mbaya ana haki hiyo kwa sababu amehesabiwa kuwa mrithi. Mjane hakuhesabiwa. Kanuni za 1963 zimewapanga warithi katika daraja tatu: mwana wa kiume wa kwanza yuko juu, wana wa kiume wengine wanafuata, na mabinti wamewekwa chini. Mabinti wanaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yao, lakini hawakupewa ruhusa ya kuiuza ikiwa wanaume wa ukoo wapo. Ama mjane, kanuni zinasema kwamba hana fungu la urithi ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Maneno haya yana adabu nzuri, na huenda yule aliyeyaandika aliyaona kuwa ni ya huruma. Lakini tuyasome polepole. Watoto wamepewa vitu. Mjane amepewa tabia ya watoto. Wakiwa wema, anakula. Wakiwa wabaya, amerithi ubaya wao. Tena, kwa kuwa si mrithi, hahitaji kunyimwa waziwazi. Hakuna anayelazimika kumtolea sababu. Yeye huitwa asikie; hakuna anayeshurutishwa kumtaja.

Hapo ndipo uzito wa kimya cha mzee wetu unapoonekana. Pengine aliwaamini wanawe. Pengine aliona ni aibu kuwaamuru wamtunze mama yao, kama kwamba hawana akili ya kulijua hilo. Walakini kimya chake kiliangukia juu ya kimya kingine. Sheria iliyokuwa nyuma yake haikusema lo lote la kumkingia yule mama, naye hakuliongeza. Vimya viwili vilikutana, na mtu akapotea katikati.

Ili tuone kwamba si kila kimya kina hatari ile ile, tutoke Songea kwa muda. Shakespeare, mtunzi wa michezo wa Uingereza, aliacha wosia wa mwaka 1616. Sehemu kubwa ya mali yake ilikwenda kwa binti yake Susanna. Mkewe ametajwa mara moja tu, apewe kitanda cha pili kwa ubora, na maneno hayo yenyewe yaliongezwa baadaye kati ya mistari. Wasomi wamebishana juu ya kitanda hicho kwa muda mrefu sana. Wengine wameona ndani yake dharau. Wengine wamejibu kwamba sheria ya nchi ile ilimpa mjane haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, hata asipotajwa. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuandika jambo ambalo sheria ilikuwa imekwisha liandika. Sina haja ya kuamua nani kati yao amesema kweli. Linalonihusu ni njia ya hoja: mtu hawezi kukisoma kimya cha Shakespeare pasipo kuijua sheria ya mjane.

Katika Wales, nchi jirani na hiyo, jambo hili lilionekana katika nyumba za mabwana wenye ardhi. Mila ya kale ya Wales iligawa ardhi ya baba kwa wana wote wa kiume. Sheria za Mfalme Henry VIII, zilizopitishwa kati ya miaka 1536 na 1543, zikaiondoa mila hiyo na kuweka utaratibu wa Kiingereza wa kumpa ardhi mwana wa kwanza. Tangu hapo wosia ulipata kazi mpya katika nyumba hizo. Ardhi ilikuwa na njia yake. Wosia ukawa mahali pa kuwafikiria wadogo, mabinti, wajane na watumishi, kwa fedha, mifugo, vitanda na nguo. Maelfu kwa maelfu ya nyosia hizo, zilizothibitishwa mbele ya mahakama za kanisa mpaka mwaka 1858, zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth, na wasomi huzisoma ili wajue nani alipendwa, nani alidaiwa, na nyumba ilikuwa na nini ndani. Kwao wosia ulikuwa kiraka: ulishonwa pale ambapo nguo ya sheria ilikuwa imetoboka. Hicho ndicho kiraka kilichokosekana katika kijiji chetu usiku ule.

Sasa turudi pwani kwetu. Mwaka huo huo wa 1858, ambao ni 1275 wa Hijra, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa beti mia hivi ambao umekuwa mashuhuri kuliko nyosia zote za Kiswahili. Anaanza kwa kumwita binti yake karibu, aje na wino na karatasi. Kisha anamwambia kwamba anampa hirizi, na kwamba atamtungia kidani cha lulu na marijani. Tusipite hapa kwa haraka. Hirizi, kidani, lulu na marijani ni vitu vya sandukuni. Ndivyo vitu hasa ambavyo mama wa nyumba kubwa ya pwani angemwachia binti yake. Mtunzi ameyachukua majina ya mali akayatia maneno ndani yake. Kidani ni shauri lake. Hirizi ni dua yake.

Je, kwa nini Mwana Kupona hasemi lo lote juu ya mali yenyewe? Wahakiki wengi wametosheka kusema kwamba alijali dini na adabu kuliko mali. Mimi naona jibu jingine. Mwana Kupona alisema ndani ya faraidhi. Katika sheria ya Kiislamu binti ana fungu lake linalojulikana, na mjane ana lake, thumni ikiwa marehemu ameacha watoto na robo ikiwa hakuacha. Wosia wa mali hauruhusiwi kupita theluthi, wala haumwongezei mrithi kitu ila warithi wenzake wakikubali. Mali ya Mwana Hashima ilikuwa imekwisha semewa. Mtu anaweza kusema kwamba fungu la binti ni nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na hayo ni kweli. Lakini fungu lipo, na halingojei kinywa cha mgonjwa. Kwa hiyo mama alikuwa huru kuliacha sanduku na kushika maneno. Kimya chake juu ya mali ni kimya cha utoshelevu. Yeye ananyamaza kwa sababu sheria imesema. Mzee wetu alinyamaza ilhali sheria imenyamaza. Kwa nje vimya hivi vinafanana kama maji na maji. Kwa ndani kimoja ni maji na kingine ni kiu.

Lakini uhakiki wa haki hauwezi kuishia kwenye sifa. Utenzi huu una wasiotajwa wake. Nyumba ya Mwana Kupona ilikuwa na watumwa, nao wanaingia katika utenzi kwa namna moja hasa: binti anaonywa asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Hawaambiwi neno, binti anaambiwa habari zao. Katika nyosia za mali za zama zile watu kama hao walihesabiwa pamoja na mitepe na minazi, na hali hiyo iliendelea mpaka utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922. Mama aliyejua kusema na binti yake kwa upole usio kifani hakuwaona wengine waliokuwa chumba cha pili. Nimelitaja hili si kwa kumtukana marehemu, bali kwa sababu ndiyo kanuni ya kuusoma wosia wo wote: tazama nani anaambiwa, tazama nani anatajwa, kisha tazama nani yumo nyumbani na hayumo katika maneno.

Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert aliifuata njia ya Mwana Kupona. Katika kitabu chake cha Maisha Yangu mna tenzi mbili alizowatungia watoto wake: ule wa mwana wa kiume unaitwa Adili, na ule wa binti unaitwa Hati. Tenzi zote mbili zina maonyo, na wasomi wamezilinganisha mara nyingi. Mimi nimevutwa na majina. Mwana amepewa adili, yaani mwenendo. Binti amepewa hati, neno la afisi na la sanduku la chuma, neno tunalotumia kwa karatasi ya kumiliki nyumba au kiwanja. Sidai kwamba mshairi alikusudia fumbo la sheria. Walakini maneno ya mshairi mkubwa hufanya kazi hata pale mwenyewe asipoyatuma. Katika nchi ambayo mabinti wengi walikuwa hawana hati ya kitu cho chote, alikuwako baba mmoja aliyeona kwamba kitu cha kumwachia binti kinafaa kuitwa hati. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata zikatangazwa kanuni ambazo zilimweka binti katika daraja la tatu.

Mwaka huo wa 1963 una jambo jingine la kuajabiwa. Ndio mwaka ambao Julius Nyerere, aliyekuwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya kwanza ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaizari, ambayo aliisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo wa 1969 akatoa pia Mabepari wa Venisi. Mengi yamesemwa juu ya sababu za kuichagua michezo hii miwili, na aghalabu husemwa habari za siasa na za fedha. Sijaona watu wakitilia maanani kwamba michezo yote miwili imejengwa juu ya wosia. Katika mmoja, Antonio anawaonyesha Warumi wosia wa Kaizari, anakataa kuusoma, wanamlazimisha, na mwisho wanasikia kwamba kila raia ameachiwa fedha, na kwamba bustani za marehemu zimekuwa zao. Watu baki wamegeuzwa warithi, na mji unawaka moto. Katika mwingine, Portia hana ruhusa ya kumchagua wala kumkataa mchumba, kwa kuwa baba yake marehemu ameagiza kwamba atakayechagua sanduku la haki, kati ya la dhahabu, la fedha na la risasi, ndiye atakayemwoa.

Tuziweke nyosia hizi mbili mbele yetu pamoja na utenzi wa Mwana Kupona. Kaizari amesema na watu wote, na maiti yake ikawa na nguvu kuliko wauaji wake. Baba wa Portia amesema juu ya binti yake, hakusema naye. Amemfungia ndani ya sanduku pamoja na mali, na binti analalamika kwa haki. Mwana Kupona amemketisha binti yake karibu, amempa kalamu mkononi. Kwa mizani hii yule aliyekuwa na mali ndogo ya kutaja ndiye aliyetoa wosia mkubwa kuliko wote, kwa sababu aliyeusiwa alikuwapo, akasikia, akaandika.

Mambo ya sheria hayakubaki pale yalipokuwa mwaka 1963. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza iliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi katika shauri la wajane wawili wa Tanzania, ikaona kwamba kanuni hizo za urithi zimewavunjia haki zao. Hayo yote ni mema. Lakini uamuzi wa mahakama ni kitu, na maneno ya mgonjwa kitandani ni kitu kingine. Mjane wa kijijini hakutani na Mahakama Kuu asubuhi ya pili baada ya matanga. Anakutana na shemeji zake, nao wanakumbuka yaliyosemwa usiku ule.

Najua pingamizi itakayotolewa. Wazee wetu wengi husema kwamba kuandika wosia ni kujichulia kifo, na kwamba mtu mwenye watoto wema hana haja ya karatasi. Sitawabeza. Pingamizi hii ina hekima ndani yake, maana inatambua kwamba maneno yana nguvu ya kuleta jambo. Lakini ikiwa maneno yana nguvu hiyo, basi kutotajwa nako kuna nguvu yake. Sisi wa Songea tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Mji wetu umeitwa kwa jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, kama mashujaa wengine wa Vita vya Maji Maji. Hakuacha hati ya ardhi hii. Tunalorithi kwake ni jina, na kila mwaka watu hukusanyika ili majina yatajwe. Watu wanaojua kwamba kutaja ni kurithisha, iweje wakubali kwamba mke wa nyumba asitajwe?

Kwa wanafunzi wa fasihi nina ombi moja. Msiuache wosia wa mali mikononi mwa makarani peke yao. Jifunzeni kuusoma kwa maswali yale yale mnayouliza mbele ya utenzi: nani anasema, anasema na nani, nini kimesemwa kwanza, nini kimesemwa kwa ufupi, nani amenyamaziwa, na sheria gani imesimama nyuma ya kimya hicho. Siku mtakapoitwa kushuhudia kama mtu baki, na siku hiyo itakuja, kumbukeni kwamba shahidi hakuitwa kuwa ukuta. Mwenye wosia anapomaliza, si utovu wa adabu kumwuliza kwa heshima, "Baba, na mama umemwachia nini?" Swali hilo halimbadilishii mtu nia yake, linampa tu nafasi ya kuisema.

Mimi sikuliuliza. Nilikuwa kijana, niliona haya mbele ya wazee, nikadhani kazi yangu ilikuwa kukumbuka yaliyosemwa. Miaka ilipopita nilifahamu kwamba shahidi hushuhudia pia yasiyosemwa. Yule mama aliponiuliza kama nililisikia jina lake, alikuwa msomaji mwema kuliko mimi: alikuwa ameusikiliza wosia mzima, akapata pale palipokosekana neno, na akamwendea shahidi kuhakikisha kwamba halikuwamo.